Fizikia Juu ya Dungu

Mdogo wangu alifundisha fizikia sekondari maisha yake yote ya kazi. Presha ya macho ilipomaliza kumfunga jicho la pili, mimi ndiye niliyekwenda Ifakara kumchukua na kumleta kwangu Namawala. Mkewe alikwishatangulia, watoto wake wako mijini na shughuli zao. Sikumwomba ruhusa. Nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, sikuona kwa nini nimwombe ruhusa akiwa mzee. Nikamwambia achukue nguo, shuka na redio, bajaji inasubiri.

Akasema, "Nguo zitafuata, dada. Kwanza vitabu."

Vilikuwa vitabu vitatu vya jalada gumu, vinene kama tofali la kuchoma, vyote rangi moja, ndugu wa tumbo moja. Kijana wa bajaji alipovipokea alinung'unika, "Bibi, umefungasha mawe humu?"

"Ni vitabu."

"Vya dini?"

Mdogo wangu akamjibu akiwa ndani, "Karibu na hapo."

Sikuwa na haja na vitabu vyake. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu, huyu akiwa mmoja wao. Kusoma vizuri nilikuja kujifunzia ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, tukiwa wanawake wengi kwenye benchi na watoto mapajani. Nasoma misa, nasoma karatasi za zahanati, nasoma bei. Sikulalamika kutolewa shule na sitaanza sasa. Lakini yeye alikuwa anavipapasa vile vitabu kila asubuhi kabla ya kunawa uso, na mimi ni mtu ninayetaka kujua kinachoendelea ndani ya nyumba yangu. Nikamwuliza ni vya nini.

Akaniambia kitu ambacho mpaka leo sijakizoea. Vile vitabu havikuandikwa. Vilisemwa. Nilikuwa nadhani kitabu huanza na mtu kukaa mezani na kalamu, basi. Yeye akasema hapana: kulikuwa na profesa mmoja ng'ambo, chuo kikuu, aliyesimama mbele ya vijana akawaeleza dunia tangu mwanzo. Jiwe linavyoanguka. Joto linavyohama. Umeme, sumaku, mwanga. Alikuwa akiongea na chaki mkononi, na wengine wakawa wanayaandika maneno yake kama yalivyomtoka, na ubao wakaunakili kabla haujafutwa. Mwaka mzima, na mwaka mwingine. Yalipokusanywa, ndivyo vitabu hivyo, na dunia nzima wanafunzi wa fizikia wanavijua.

"Kwa hiyo humo ndani kuna mtu anaongea," nikasema.

"Kuna mtu anaongea, dada."

Nikakitazama kile cha juu. Nikakishusha kutoka kwenye pipa la unga, nikakiweka mahali pazuri zaidi.

Viko vinne kwa jumla. Yeye alikuwa na vitatu. Cha nne, cha mwisho, ndicho kinachoeleza vitu vidogo kuliko vyote, vile ambavyo mwanga umetengenezwa navyo na sisi tumetengenezwa navyo. Yeye na wenzake walipokuwa chuo, masomo yao yaliishia mlangoni mwa kitabu hicho. Nchi ilikuwa haina walimu, wakapewa vyeti wakatawanywa. Alifundisha Mahenge, akafundisha Mang'ula, akafundisha Ifakara, na miaka yote hiyo wanafunzi wenye akili walimwuliza maswali ambayo yalikuwa upande wa pili wa mlango. Aliwajibu, "Huko sijafika." Aliniambia hakuna sentensi aliyoichukia kama hiyo, na hakuna aliyoisema mara nyingi kama hiyo.

Kitabu cha nne kililetwa na binti mmoja wa watu wa mbu. Hapa Namawala watu wa mbu, hao watafiti wa malaria, tumewazoea. Wanakuja na mitego yao, wanatundika karibu na vyandarua, asubuhi wanakuja kuwachukua mbu kwa heshima kama wageni. Binti huyo alikuwa akipita kwangu kwa kazi hiyo, akawa anakaa na mdogo wangu wanazungumza Kiingereza. Alipomaliza kazi yake akaenda zake, na baada ya muda kikaja kifurushi kwa basi. Mdogo wangu alikifungua kwa meno. Alipogusa jalada alijua. Akakinusa. Akakifungua katikati, akaweka kiganja juu ya ukurasa, akakaa hivyo.

Kimemkuta gizani.

Mjukuu wake mmoja wa Morogoro aliahidi kumsomea kwa simu. Alipigiwa picha kurasa na jirani, akatuma sauti ya ukurasa mmoja, kisha mitihani ikaanza, kisha kimya. Sikumlaumu, vijana wana yao. Lakini nilimwona mdogo wangu anavyoisikiliza ile sauti ya ukurasa mmoja tena na tena, mpaka ukurasa wenyewe ungeweza kuota ndevu.

"Lete hapa," nikamwambia. "Nitasoma mimi."

"Dada, ni Kiingereza."

"Herufi si zilezile?"

"Ni zilezile, ila..."

"Basi. Mama yetu alijibu misa ya Kilatini mpaka anaolewa, na Mungu alimsikia. Wewe utamshinda Mungu?"

Akacheka. Akakubali.

Muda tuliokuwa nao ulikuwa wa kuamia ndege. Mpunga ukishatia maziwa, kwelea wanakuja kama wingu la vumbi, na asiyekaa shambani tangu alfajiri mpaka jua linazama atavuna mabua. Tunajenga dungu, jukwaa la miti juu ya maji lenye kipaa cha nyasi, tunafunga kamba zenye makopo kwenda pande zote za jaruba, na mtu anakaa juu anavuta. Ndiko tulikokaa. Nilimpandisha mdogo wangu ngazi kwa kumshika kifundo cha mguu, hatua kwa hatua, kiatu chake cha kambasi kikidondosha matope usoni kwangu. Nikampa kamba azishike yeye, mimi nikashika kitabu. Ikaonekana ndivyo ilivyopasa, maana masikio yake yaliwasikia ndege kabla mimi sijawaona. Nikiwa katikati ya neno, kamba inavutwa, makopo yanalia, wingu linainuka na kuhamia kwa jirani.

Jirani mwenyewe ni wifi yangu, mjane wa kaka yetu mkubwa. Jaruba lake limepakana na letu, dungu lake linatazamana na letu, na ulimi wake unafika mbali kuliko kombeo lake.

"Wifi!" akapiga kelele siku ya kwanza. "Mnaniletea ndege, na misa mnasali peke yenu!"

"Sali ya kwako!"

"Ya kwangu fupi! Hiyo yenu ina mahubiri!"

Nilisoma Kiingereza kama tunavyosoma Kiswahili, kila herufi ikipewa haki yake. Mdogo wangu anainamisha kichwa, anatafuna lile neno, anakuta ni lipi, ananionyesha linavyotamkwa. Maneno mengine yanarudi kila mstari, hayo nikayakamata. Siku chache zikapita, nikawa nakwenda bila kusimamishwa sana. Nilijisikia vizuri, siwezi kukataa. Nilikuwa natamka vitu nisivyovijua na mtu mbele yangu anavielewa, kama mtu anayebeba chungu kichwani bila kujua kilichomo, na kule anakokwenda watu wanakula.

Lakini watu hawakuwa wanakula. Nilianza kuona uso wake unabadilika. Mwanzoni alikuwa ananisimamisha na kusema, "Rudia hapo." Narudia. Anasema, "Anasema 'kwa hiyo'. Sioni hiyo 'kwa hiyo' imetoka wapi." Narudia tena ukurasa wote. Anatikisa kichwa. Baadaye akaacha kusema rudia. Anakaa tu. Ndege wanatua yeye hajavuta kamba, mimi ndiye navuta.

Jioni moja tulipokuwa tunarudi, nimemshika mkono juu ya tuta, akasema, "Dada, unakumbuka ilivyoanza kwa baba?"

Nilikumbuka. Baba yetu alianza kwa kusahau jina la mto. Mto aliovua samaki tangu utoto. Akamaliza kwa kutuuliza sisi ni watoto wa nani.

"Acha upuuzi," nikasema.

"Ni maneno ya Kiingereza, nayajua yote. Moja moja nayajua. Yakiungana hayanipi kitu. Mtu huyu nilimwelewa vitabu vitatu. Namwelewa anavyocheka, anavyozunguka, anavyorudi. Sasa anaongea na mimi sipo."

"Ni kitabu kigumu."

"Kigumu ninakijua kilivyo. Kigumu unagonga ukuta. Hapa hakuna ukuta, dada. Kuna shimo."

Usiku ule alikula matonge mawili. Asubuhi akasema atakuja shambani kwa mara ya mwisho kunisindikiza na kitabu, kisha kitabu kipelekwe Ifakara kikapewe shule. Alisema taratibu, kama anayetoa nguo za marehemu.

Tukapanda dungu. Nikafungua nilipokomea. Nilisoma kwa sauti kali, kwa hasira hasa, nikimwambia yule profesa moyoni kwamba kama ana kitu aseme kieleweke. Wifi yangu alikuwa amevuka maji kuja kuomba chumvi. Hajui kusoma hata kidogo na hajawahi kuona haya kwa hilo. Akapanda ngazi bila kukaribishwa, akakaa nyuma yangu, akawa anatazama kidole changu kinavyotembea ukurasani.

"Wifi," akasema.

"Nasoma."

"Naona. Mbona hapo katikati unaruka?"

"Siruki kitu."

"Umeruka. Kidole kimetoka hapa kikaenda hapa. Haya makubwa ya katikati umeyapita kama umeona nyoka."

"Hayo si maneno," nikamwambia. "Hayo ni urembo."

Mdogo wangu akageuza kichwa. Alikigeuza polepole, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo kabisa.

"Urembo gani, dada?"

"Si huu wa katikati ya ukurasa. Vijimistari, ndoano, mikuki. Kama ule tunaotia kwenye mkeka."

Nieleze jambo hili, maana wapo watakaocheka, na wacheke. Mimi nasuka mikeka. Chane nyeupe za ukindu ndizo mkeka. Chane za rangi unazipitisha katikati, unatoa msumeno, unatoa jicho la ndege, mkeka unapendeza. Usipotia rangi mtu atalala vilevile. Nilipofungua kitabu nikaona maneno yanakwenda, halafu yanaacha nafasi, na katikati ya nafasi kimekaa kitu kizuri kimepangwa, halafu maneno yanaendelea. Nikasema hawa nao wana urembo wao. Sikuwa na herufi ya kukitamka. Nikapita.

"Iko mingi?" akauliza.

"Kila ukurasa. Mingine inashuka mpaka chini."

Akainamisha kichwa. Nikadhani amekasirika. Kisha dungu likaanza kutikisika, nikashika mti. Mdogo wangu alikuwa anacheka, na machozi yanatoka kwenye yale macho yasiyofanya kazi nyingine tena. Alicheka mpaka wifi yangu akaanza kushuka ngazi akisema hili jukwaa halikujengewa wendawazimu.

"Shemeji, usiende!" akamwita. "Shemeji yangu, kaa! Nikupe nini mimi? Dada, mpe chumvi yote!"

"Chumvi yote hapana," nikasema.

"Ule si urembo. Ule ndio wali! Maneno ni sahani tu. Umekuwa unanilisha sahani!"

"Ungesema mapema kwamba kuna wali."

"Ningejuaje kwamba hujui!"

"Basi tuko sawa," nikasema, na nikamwambia afute uso, ndege wametua upande wa mtoni.

Tukaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Na sasa ndiyo ilikuwa kazi. Urembo, nitauita hivyohivyo, hauna sauti, ilibidi nimpe sura. Namwambia, "Kuna ndoano ndefu iliyonyooshwa, imesimama." Anasema, "Hiyo ina maana kusanya, kusanya yote." Namwambia, "Fito mbili zimelala." Anasema, "Sawa na." Namwambia, "Kibanda kisicho na ukuta wa kulia, ndani kuna mbili." Anasema, "Kipeuo cha pili cha mbili." Kuna kile kama kiti kilichopigwa fito mgongoni. Na kuna kimoja kilichojaa kitabu hicho kizima, kila mahali kipo: mkuki wa kuvulia samaki, wa meno matatu, umesimama kwa mpini.

Nilipoutaja huo mkuki mara ya kwanza alisema, "Huyo ndiye mwenyewe. Ni herufi ya Kigiriki, ndiyo inayosimamia vile vidogo kuliko vyote."

Toka siku hiyo kelele zetu zikawa nyingine. Wifi yangu kule ng'ambo ya tuta anasikia: mkuki, fito mbili zimelala, ndoano, mkuki tena, kiti. Naye hakuweza kuvumilia.

"Mnavua au mnajenga?"

"Tunasoma!"

"Mkimaliza nyumba mniite!"

Na mdogo wangu alirudi. Sina neno jingine. Nikisema sura tatu au nne, naye anasema inayofuata kabla sijaifikia. "Subiri, usiseme. Mkuki, mara mbili, halafu ndoano." Natazama. Ndivyo ilivyo. Ndani ya kichwa chake kulikuwa na ubao, na mkono wa mtu aliyeongea ng'ambo zamani ulikuwa unaandika humo, na njia aliyopitia kufika ilikuwa mdomo wangu, na mimi sijui kitu. Nilikuwa nikishusha kitabu kidogo namtazama. Huyu ndiye niliyemfuta kamasi.

Nilimwambia siku moja, "Mimi si bomba. Nieleze."

Akafikiri. Akaniuliza, "Pale tuta linapogawa jaruba la juu na la chini, umefungua milango mingapi ya maji?"

"Miwili."

"Maji yakitulia jaruba la chini, mtu akakanyaga jaruba la juu, mawimbi yanapita vipi?"

Nilishuka nikaenda kukanyaga. Miaka yote nimelima, sikuwahi kutazama. Wimbi likafika kwenye tuta, likapita milango yote miwili, likatoka upande wa pili kama mawimbi mawili mapacha, nayo yakakutana. Mahali pengine yakapandana, mahali pengine yakauana, maji yakakaa kimya kabisa katikati ya fujo. Nikamwelezea kwa sauti kutoka kule chini.

"Umeona pale pa kimya?" akauliza.

"Nimeona."

"Sasa chukua punje, rusha kupitia milango hiyo. Zitaanguka vipi?"

"Mafungu mawili. Moja nyuma ya kila mlango."

"Haya. Punje ni punje, wimbi ni wimbi. Sasa vile vidogo kuliko vyote, dada, vinafika kama punje. Tap. Kimoja, mahali pamoja. Lakini ukiviachia vingi, kimoja baada ya kingine, leo kimoja, baadaye kimoja, ukaja kutazama vilipoangukia, havikufanya mafungu mawili. Vimechora mawimbi. Kuna mahali hakuna hata kimoja kilichoangukia. Pale pa kimya."

Nikapanda ngazi. Nikakaa.

"Kimoja kimoja?"

"Kimoja kimoja."

"Hakuna mwenzake wa kupandana naye."

"Hakuna."

"Sasa kinapita mlango upi?"

Akanyoosha kidole, kilinielekea mimi hasa, ingawa haoni. "Hilo! Hilo ndilo waliloniuliza watoto wa Mang'ula. Hilo ndilo nililowajibu sijafika. Ukimweka mtu mlangoni atazame, vinapita vizuri, mlango huu au huu, na vinafanya mafungu mawili. Mtu akiondoka vinarudia mawimbi."

"Kama watoto na sukari," nikasema. "Ukiwatazama wametulia."

"Watoto wanajua unawatazama. Hivi havina macho wala akili. Vinajuaje?"

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimefunga kilemba tayari kulala nikafungua mlango nikatazama taa ya jirani, ule mwanga wa sola, unavyokuja kwangu kwenye matope ya uani. Punje. Zinafika tap, tap, na mimi nimeishi nao mwanga maisha yangu yote kama mtu aliyeishi na mume bila kumwuliza anatoka wapi.

Mpunga ukaanza kuinamisha kichwa na kuwa njano, na profesa alikuwa anazunguka. Mara nyingine anaacha lile swali la milango anakwenda mbali, kwenye sumaku, kwenye vito, halafu analitaja tena kidogo. Mdogo wangu alisema ni kawaida yake, atalirudia mwishoni. Tukawa tunasoma kwa mbio. Wavunaji wa upande wa barabara walikwishaanza. Tukianza kuvuna hakuna dungu, hakuna kukaa, na mimi mwenyewe nitakuwa nimeinama na mundu mpaka mgongo unikatae. Yeye alijua hilo. Asubuhi alikuwa amevaa kabla yangu, ameshika fimbo, anasubiri mlangoni.

Somo la mwisho kabisa tulilianza ndege wakiwa wachache. Kurasa zilikuwa chache nazo, na urembo ulikuwa mdogo. Maneno tu. Nilishangaa, nikamwambia, "Humu wali umekwisha, imebaki sahani."

"Soma."

Nilisoma. Nilifika mahali akaweka mkono juu ya mkono wangu. "Rudia." Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena, nikimtazama kama lile shimo limerudi. Midomo yake ilikuwa inafuatisha.

"Anasemaje?" nikauliza.

Akanitafsiria, pole pole, akiruka hapa na pale. Profesa alikuwa anawaambia wale vijana wake kwamba amewaonyesha jinsi ya kukokotoa: ngapi zitaangukia hapa, ngapi pale, na hesabu haijawahi kukosea. Lakini wakimwuliza kinapitia mlango upi, na kwa nini hiki kimeangukia hapa na si pale, hilo hajui. Hakulificha kwa ajili ya masomo ya baadaye. Hakuna kitabu kingine linakoelezwa. Hajui yeye na hamjui anayejua.

Nilikasirika. Nasema kweli. Nimekausha koo msimu mzima.

"Tumelinda ndege mpaka mpunga umekuwa njano," nikasema, "tuje kuambiwa hajui?"

"Ndivyo."

"Profesa mzima?"

"Profesa mzima."

"Na wakaandika? Hakuna aliyemwambia mzee, hilo tuliache?"

"Wakaandika, dada. Wakapiga chapa. Limezunguka dunia."

Hasira ikaanza kunitoka, na kilichokuja mahali pake sikukitegemea. Nimeona watu wengi wenye elimu wakipita bonde hili. Wa mbegu, wa mbolea, wa mabwawa, wa dawa. Nimekaa mikutanoni nimewauliza maswali, na hakuna hata siku moja niliyojibiwa "hatujui"; nimejibiwa muda umekwisha. Nimeishi na waganga waliojua kila kitu. Mtu huyu alikuwa ameshika jiwe, joto, umeme na nyota, akavipanga katika vitabu vinne ambavyo mtu mzima hawezi kuvibeba kwa mkono mmoja, na mbele ya watoto, chaki mkononi, akafika ukingoni, akasema hapa ndipo ninapoishia. Nilijikuta nimeweka kitabu mapajani kwa mikono miwili, kama ninavyoshika mtoto wa mtu.

Nilikumbuka ni nani aliyekuwa na shida hapa. Nikamtazama mdogo wangu. Miaka yake yote ya "sijafika".

"Umeumia?" nikamwuliza.

"Niumie nini?" Alikuwa anatabasamu, uso ameuelekeza kwenye joto la jua. "Dada, mimi nilidhani nimeachwa nje. Kwamba kuna mlango, wenzangu wameingia, wamekaa wanakula, mimi niko nje nasema sijafika, sijafika. Kumbe yeye mwenyewe yuko nje. Tuko naye hapa hapa."

"Juu ya dungu."

"Juu ya dungu."

"Mkaribishe basi," nikasema, "lakini mwambie halibebi watu watatu."

Akacheka kwa ndani. Wifi yangu akapiga kelele kutoka kwake, ndege wametua kwetu, tumekufa au? Mdogo wangu hakuwa ameshika kamba. Nami nilikuwa nazo miguuni, nilikuwa naziona, na niliwaona wale kwelea walivyoinamisha mabua, kila mmoja na punje yake, huyu hapa, yule pale. Nikawatazama kidogo kabla sijavuta.